Mboga yako mwenyewe mwaka mzima: mwongozo wa kiploti cha nyuma ya nyumba kwa watu wa Pwani, Dar, Tanga na Moro

Kila mwaka ni yale yale. Mvua ya kwanza ikidondoka watu wanakimbilia duka la pembejeo, pakti ya kabichi, pakti ya nyanya, kajembe kapya, picha zinatupiwa status, alafu mwezi wa 1 jua la kaskazi likishika kasi ukipita pale unakuta vijiti na magugu ya ndago. Wanasema ardhi ya huku mchanga mtupu haifai. Jamani ardhi haina shida, shida ni kwamba bustani ya mboga inaamuliwa kwenye ile miezi ambayo mvua haipo, yaani unaandaa kabla na unatunza baada, mvua yenyewe inakuja tu kumalizia kazi.

Mi niko upande wa Kibaha, kwa hiyo hapa naongelea mboga za majani zetu za kawaida, mchicha, matembele, kunde, mnafu, mgagani, kisamvu, kwenye eneo dogo, hata mita 5 kwa 6 inatosha familia ya kawaida ikipangwa. Sina habari za heka 10 na pampu ya sola, kuna watu wengine wanaandika hayo vizuri tu.

Hatua ya 1: jua mvua zako kwanza

Sisi wa ukanda huu tuna mvua mara 2. Vuli, kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 12, ni nyepesi na ina kigeugeu. Masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, ndiyo yenyewe. Katikati kuna ukame wa aina 2 ambao watu wanauchanganya: kuna wa mwezi wa 1 na wa 2, joto kali na upepo wa kaskazi, mchanga unaunguza mguu, na kuna wa mwezi wa 6 mpaka wa 9, kipupwe, usiku baridi na asubuhi kuna umande. Hii tofauti ni kubwa sana kwa mboga. Chainizi au figili ukiipanda mwezi wa 6 na ukaimwagilia utacheka, ukiipanda mwezi wa 1 itakimbilia kutoa maua na wadudu wataimaliza kabla hujaonja.

Ndugu zetu wa Mombasa na Kilifi kalenda inakaribiana na hii. Wa Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya mna mvua moja ndefu, kuanzia kama mwezi wa 11 au 12 mpaka wa 4, kwa hiyo nikisema vuli na masika nyie unganisheni, na hatua ya kukausha mboga ndiyo muisome vizuri zaidi ingawa nyie ndio mngetakiwa mtufundishe sisi.

Kabla ya kila msimu mamlaka ya hali ya hewa, TMA, inatoa mwelekeo wa mvua kwa kanda. Usome. Wakisema vuli itakuwa ya chini ya wastani haimaanishi usipande, maana yake panda vitu vya haraka na usiweke hela kwenye kitu cha kukaa shambani miezi 3.

Hatua ya 2: angalia sufuria yako

Kabla ya kununua mbegu yoyote kaa na mwenye jiko mwandike mboga mlizokula wiki 2 zilizopita. Nyumba nyingi za huku utakuta mchicha mara 3 au 4, matembele, kisamvu wikiendi, labda bamia na majani ya maboga. Sasa kwa nini unaanza na kabichi? Kabichi inakaa shambani miezi mitatu, inataka baridi, inataka dawa, na sokoni inauzwa bei ya kutupa ikiwa msimu wake huko Lushoto na nyanda za juu. Nunua kabichi ya Lushoto, mwache yule mkulima naye apate. Ploti yako ipe vitu ambavyo ukivikata asubuhi na kuvipika mchana vina tofauti, na vitu ambavyo vinapanda bei pale mvua kubwa inapoharibu bustani za mabondeni.

Kwa matunda ni hivyo hivyo, kula yanapokuwa mengi. Embe mwezi wa 12, mananasi ya Kiwangwa kipindi hicho hicho, machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, yale ya kijani kwa nje ambayo mgeni anadhani hayajaiva kumbe sukari tupu.

Hatua ya 3: mboji, anza mwezi wa 8

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penyewe. Mchanga wa huku maji yanapita kama kwenye chujio, unamwagilia saa 12 asubuhi saa 6 mchana pamekauka, na mbolea ya dukani ukiiweka inafuata maji inashuka chini. Kinachoshika maji na chakula cha mmea ni mboji. Ukitaka mboji iwe tayari mvua za mwezi wa 10 na 11 lazima uanze mwezi wa 8, kwa sababu inachukua miezi 2 mpaka 3.

Chagua kivuli, chini ya muembe ni pazuri. Pima kama mita 1 na nusu kwa mita 1 na nusu. Chini kabisa weka vijiti au mabua ya mahindi yaliyokatwa katwa ili hewa ipite. Alafu anza tabaka: majani makavu na nyasi kavu kama shibiri moja, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni nusu ya hapo, juu yake samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, tandaza tu isiwe nene, alafu udongo wa juu kidogo na jivu la mkaa au kuni kiasi cha viganja kadhaa. Mwagia maji. Rudia mpaka ifike kiunoni au kifuani. Funika na nyasi au makuti. Chomeka fimbo ndefu katikati mpaka chini.

Hiyo fimbo ndiyo kipimo chako. Baada ya siku kama 4 ichomoe uishike: ikiwa ya moto na ina unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka uvundo, umezidisha maji au mabichi, ifumue, changanya na makavu, panga upya. Baada ya wiki 3 geuza lundo lote, la nje liende ndani, alafu geuza tena baada ya wiki 3 nyingine. Ikiiva inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua na huwezi kutambua lile lilikuwa jani gani.

Vitu vya kutoweka: mabaki ya nyama na mafuta (utaita panya na mbwa wa mtaa mzima), plastiki, ndago na vile viazi vyake, magugu yenye mbegu, na miche ya nyanya iliyougua. Samadi mbichi usipeleke moja kwa moja kwenye mboga, ya kuku hasa, inaunguza mizizi, na mboga za kula majani hazitakiwi kugusana na kinyesi kibichi kwa sababu za afya tu za kawaida.

Kama huna mifugo ongea na mtu mwenye banda la kuku, wengi wanatafuta pa kuitupa. Watu wanaona aibu kuomba samadi sijui kwa nini.

Hatua ya 4: matuta

Upana mita 1, usizidishe, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu wowote. Njia kati ya tuta na tuta nusu mita hivi. Mboji weka debe 1 kwa kila mita 1 mpaka 2 za mraba, changanya na udongo wa juu, usiichimbie chini sana mizizi ya mchicha haifiki huko.

Kwa vuli na masika inua tuta juu shibiri moja maji yasituame. Kwa kipupwe fanya kinyume, tuta lizame chini kidogo liwe na kingo, ukimwagilia maji yabaki mle mle. Watu wanaoacha tuta lile lile la masika lililoinuka mpaka mwezi wa 7 ndio wanaolalamika bili ya maji.

Alafu matandazo. Nyasi kavu, majani ya migomba, pumba za mpunga, chochote. Udongo usikae uchi, iwe jua iwe mvua.

Hatua ya 5: mbegu na kuzijaribu

Dukani angalia lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho kwenye pakti, pakti ambayo imekaa dirishani inapigwa jua hata kama tarehe bado iache. Za kienyeji ulizia majirani, hasa kina bibi. Unapiga hodi, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, unaeleza shida yako, na mara nyingi utaondoka na mbegu ya mnafu imefungwa kwenye kipande cha khanga pamoja na maelekezo ambayo hayaandikwi kwenye pakti yoyote. Mi ya kwangu ndivyo ilivyopatikana, na bibi mwenyewe alinipa sharti moja: nikivuna mbegu nimrudishie kidogo.

Jaribio lake ni rahisi. Hesabu mbegu 20, zitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka kwenye mfuko, acha mahali penye joto. Baada ya siku 5 au 6 hesabu zilizoota. Zikiota 16 na zaidi safi, zikiota 10 panda kwa wingi mara mbili, chini ya hapo tafuta nyingine. Mgagani una tabia yake, mbegu iliyovunwa juzi haioti vizuri, inataka ikae miezi 3 au zaidi ndiyo iamke, kwa hiyo usiitupe ukidhani imekufa.

Hatua ya 6: vuli, panda vya haraka

Mchicha wa kwanza. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga kwa mkono zinaangukia sehemu moja zinaota kama nywele. Chukua kijiko kimoja cha mbegu changanya na vijiko 10 vya mchanga mkavu, chora mistari kwa kidole au kijiti, kina kisifike hata kiungo cha kwanza cha kidole, umbali shibiri moja kati ya mstari na mstari, nyunyiza ule mchanganyiko, fukia kiduchu kabisa, weka nyasi nyepesi juu na mwagia kwa kopo lenye matundu. Sisimizi watakuja. Wanabeba mbegu ya mchicha moja moja kwa mstari wakiipeleka kwao na usipoangalia unaweza kusema mbegu ilikuwa mbovu. Zungushia jivu kwenye kingo za tuta siku ile ile.

Siku ya 3 mpaka ya 5 utaona vijani vyekundu vyekundu, hapo toa nyasi za juu zisivibane. Wiki ya 3 au 4 unaanza kula. Kuna wanaong'oa wote na mizizi na kuna wanaokata. Mi nashauri fanya vyote, ng'oa iliyobanana ukale, iliyobaki ikiwa na nafasi kata juu ukiacha shina kama urefu wa kiganja lenye macho ya pembeni, itachipua tena mara kadhaa. Na usipande tuta lote siku moja! Panda theluthi, baada ya siku 10 theluthi nyingine, baada ya siku 10 nyingine. Mchicha wote ukiiva pamoja utagawa mtaa mzima alafu wiki inayofuata unanunua kwa mama mchicha anayepita na beseni.

Kunde panda moja kwa moja tutani, mbegu 2 kila shimo, shibiri moja na nusu. Zina faida ya kurutubisha udongo, na majani unaanza kuchuma wiki ya 4, chuma machanga ya juu tu, usichume mmea mmoja mpaka ukabaki fimbo. Bamia weka kwenye kingo, haina maneno mengi.

Mnafu unaanzia kitaluni. Mwezi wa 9 mwishoni sia kwenye kitalu kidogo chenye kivuli cha makuti, baada ya wiki 4 au 5 miche ina majani 5 au 6, hamishia tutani jioni, futi moja kati ya mche na mche. Ukianza kutoa maua yatoe. Kila ua unaloliacha ni majani unayoyakosa. Acha mimea 3 au 4 tu pembeni kwa ajili ya mbegu. Na waambie watoto vile vitunda vya kijani hawali, vina sumu.

Kitu kimoja zaidi hapa. Mvua ikianza utaona mchunga umeota wenyewe, yale majani membamba yenye utomvu mweupe. Watu wanaupalilia wanautupa. Uache kwenye kona, ni mboga ile, chungu lakini ukichanganya na nazi na ugali wa dona utaula bila kuuliza mtu.

Hatua ya 7: kaskazi, mwezi wa 1 na wa 2

Hapa bustani nyingi zinakufa, na dawa yake ni kuwa na mimea ya kudumu ambayo ulishaipanda mvua ikiwepo. Matembele ndiyo mfalme. Chukua marando marefu kama sentimita 30, toa majani ya chini, lalisha yakiwa yameinama, nusu ndani ya udongo, mwezi wa 11 wakati bado kuna unyevu. Mwezi wa 1 yameshafunika tuta lote na yanajifanyia matandazo yenyewe. Mwagilia mara 2 kwa wiki yanatosha.

Kisamvu, hasa kile kisamvu cha mpira, mti mmoja kwenye kona unakulisha miaka. Mlonge vile vile, ukate ufike kifuani utoe matawi mengi, ukiuacha unakimbilia juu unahitaji ngazi. Kisamvu kina kanuni moja isiyo na mjadala: kitwangwe kilainike kabisa, alafu kichemke vizuri, si chini ya nusu saa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu na kutwanga ndiko kunakoifungulia njia itoke. Wale wa kukisaga haraka haraka na kukitoa jikoni dakika 10 sijui wanakimbilia wapi, na bado hata ladha yake haijatoka. Karanga au tui zito liingie mwishoni.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaenda bustanini, hayo hayana mjadala. Yenye sabuni nyingi na jiki hapana. Na kama unachota mtoni au kwenye mfereji wa mjini angalia kinachoingia juu yake ni nini, mboga ya majani inakunywa kila kitu.

Hatua ya 8: masika na wadudu

Masika maji ni ya bure lakini shida zake ni tofauti, matone makubwa yanarusha tope kwenye majani, mchicha unaoza chini, na nyanya isiyo na paa ugonjwa wa bakajani unaimaliza ndani ya wiki. Kwa hiyo masika pandia kunde, mnafu, mgagani, matembele na maboga ya kula majani, mchicha uwe kidogo kwenye tuta lililoinuka na matandazo mazito. Nyanya subiri kipupwe. Ukiona mtu anauza mchicha msafi mkubwa mwezi wa 4 muulize anafanyaje ujifunze.

Vidukari wataingia kwenye kunde, utawaona wamejazana weusi kwenye vichwa vya juu na sisimizi wanawapanda na kushuka. Mwanzoni kabisa waoshe na maji kwa nguvu au vunja hicho kichwa utupe mbali. Wakizidi, jivu laini lililochekechwa, nyunyiza asubuhi kukiwa na umande ligande. Wakizidi zaidi, mwarobaini: gramu 500 za mbegu kavu zilizotwangwa loweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, weka kijiko cha sabuni ya kipande iliyoyeyushwa ili ishike kwenye jani, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaiua nguvu, na pitisha chini ya majani maana ndiko wanakojificha. Rudia baada ya siku 5 hivi. Siyo dawa ya kuua papo hapo, wadudu wanaacha kula na kuzaliana, kwa hiyo usikate tamaa kesho yake ukiwaona bado wapo. Osha mboga kabla ya kupika, uchungu unabaki.

Dawa kali za dukani kwenye mboga ya kukata kila wiki hazina nafasi. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kopo, nyingine wiki nzima au 2. Sasa wewe unakata mchicha kila baada ya siku 5, utasubiri saa ngapi?

Alafu badilisha badilisha matuta. Palipokuwa na mnafu, nyanya au bilinganya, msimu unaofuata weka kunde au mchicha. Mnafu na nyanya ni ndugu, magonjwa yao ni yale yale. Ukiona mmea unanyauka mchana na ukiung'oa mizizi ina vinundu nundu, hiyo ni minyoo fundo, hapo ndugu wa nyanya wote waondoe kwa muda. Ila usichanganye na kunde, zile zina vinundu vyake vizuri vinavyobanduka kirahisi na ndani vina rangi ya pinki, hivyo viache ndivyo vinavyotengeneza mbolea.

Hatua ya 9: kausha mwezi wa 5 na wa 6

Mwisho wa masika mboga zinakuwa nyingi kuliko midomo. Wasukuma wana nsansa yao, majani ya kunde yaliyokaushwa yanayopikwa na karanga, na michembe ya viazi, Wagogo wana mlenda mkavu uliotwangwa, sisi wa Pwani tunaacha mboga zinazeekea shambani alafu mwezi wa 9 tunalia. Ni uvivu tu, kukausha hakuna gharama.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, majani machanga mazima yasiyo na matundu. Osha. Chemsha maji yenye chumvi kidogo, tumbukiza majani dakika 2 au 3, yakibadilika kijani kilichokoza toa, chuja, yaache yapoe. Tandaza membamba kwenye chandarua safi au chekecheke iliyowambwa kwenye fremu ya mbao, iwe imeinuka hewa ipite chini, na ufunike na kitambaa chepesi cheusi au uweke kibandani penye upepo. Jua la moja kwa moja linaua vitamini A na rangi inakuwa kama majani ya chai. Geuza mara 2 kwa siku, usiku ingiza ndani. Siku 2 au 3 yanatosha kwa upepo wa kusi. Shika jani ulifikiche, likivunjika kwa mlio tayari, likijikunja bado, ukilihifadhi hivyo litaota ukungu.

Kilo 8 mpaka 10 za majani mabichi zinakupa kama kilo 1 makavu, kwa hiyo kopo la lita 5 ni mboga nyingi sana. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, gizani. Siku ya kupika loweka kwenye maji ya uvuguvugu, pika na hayo hayo maji, karanga iwe nyingi. Mafuta ya karanga au tui siyo ladha tu, mwili unahitaji mafuta kuichukua hiyo vitamini A. Na mchicha mbichi usiupike mpaka ukawa uji, dakika chache, kamulia limau mezani linasaidia mwili kupokea madini ya chuma.

Hatua ya 10: mbegu zako

Mchicha chagua mimea bora, siyo ile iliyobaki kwa sababu hukuipenda. Majani mapana, iliyochelewa kutoa maua. Iwekee kijiti, usiichume. Mchicha pori uliopo karibu ung'oe kabla haujachanua, vinginevyo wanachanganyika na mwaka unaofuata unapata mchicha wenye majani madogo na miiba. Ukisugua kichwa mbegu nyeusi zinazong'aa zikidondoka, kata, ning'iniza juu ya gazeti, pigapiga, pepeta.

Mgagani vuna vitumba vikiwa njano, usisubiri vikauke, vitapasuka mchana wa jua utasikia tik tik na mbegu zote zimeruka. Mnafu, matunda yakiiva zambarau ponda kwenye bakuli la maji, acha siku moja au mbili, mbegu zinazama, mwaga maganda, osha, anika kivulini.

Chupa kavu, jivu kidogo ndani, jina na mwezi juu yake, sehemu ya baridi.

Kwa wapangaji wasio na ploti

Gunia lile la kilo 100. Changanya udongo debe 3, mboji au samadi iliyooza debe 1. Chukua kopo kubwa lisilo na chini wala juu, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena kokoto, hivyo hivyo mpaka juu. Hilo bomba la kokoto ndiko unakomwagia maji yafike chini, bila hilo juu panaloa chini panakuwa vumbi. Toboa matundu pembeni kwa kupishana, shibiri moja moja, chomeka marando ya matembele, juu panda mchicha au mnafu. Liweke mahali panapopata jua la asubuhi, karibu na bomba au pipa, maana linataka maji kidogo kila siku, na kabla ya kulijaza hakikisha umeshaongea na mama mwenye nyumba kwa sababu likishajaa hamlibebi hata mkiwa wanne.